Soksi za Buluu za Ansel Durkee

Mtu akikuambia Ansel Durkee aliponzwa na ukaidi wake, mwambie akome. Mimi, Nora Hanrahan, ndiye niliyekuwa nikifua nguo za timu yetu ya besiboli pale Millbrook mwaka 1907, na niliyaona yote kwa macho yangu haya.

Ansel alizaliwa hapahapa, mtoto wa mvunja mawe. Vumbi la machimbo lilimuua baba yake kwa kikohozi, na Ansel mwenyewe alivunja mawe miaka sita kabla timu haijamlipa alinde kituo cha pili, kati ya vile vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate alama. Hakuwa nyota. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa miguu, basi. Alipofika miaka thelathini na nne, kila asubuhi kijana mmoja aitwaye Pruitt alikuwa akifanya mazoezi palepale kwenye kituo chake.

"Mama Hanrahan," aliniambia, "nikikaa benchi siku moja tu, nafasi imekwenda. Na nikitoka hapa ni machimboni moja kwa moja. Sirudi kule. Bora nife."

"Funga domo lako! Maneno gani hayo?"

Mwezi wa Agosti, mchezaji wa timu ya wageni aliteleza kwa kasi kuwahi kituo, njumu zake za chuma zikamchana Ansel juu ya kifundo cha mguu. Mechi ile tukashinda. Kesho yake tukashinda tena, na keshokutwa. Sasa wachezaji wa besiboli, sijui niwaeleze vipi: wakianza kushinda hawabadilishi kitu. Aliyeanza na kiatu cha kushoto ataanza na cha kushoto hivyohivyo. Na nguo hazifuliwi, eti maji yataondoa bahati. Chumba cha nguo kilinuka kama zizi, na mimi nimekaa tu na sabuni zangu.

Siku ya sita Ansel alikuja kuchukua soksi zake huku anachechemea. Nikamzuia mlangoni.

"Nionyeshe huo mguu."

"Ah, mama, mkwaruzo tu."

"Kunja suruali, Ansel, nisije nikakukunja mwenyewe!"

"Mke wangu Lottie akisikia, utamwambia nini?" akanitania.

Akakunja. Yesu wangu! Rangi ya buluu ya soksi ilikuwa imechuja ikaingia kidondani, pamoja na jasho na vumbi la siku sita, na mstari mwekundu ulikuwa unapanda kuelekea gotini. Nikamwambia aende kwa daktari sasa hivi, na soksi nizichemshe.

"Tukishindwa kesho utachemsha," akasema. "Ukizifua leo halafu tukafungwa, watasema ni mimi. Meneja anatafuta sababu tu."

Nikaenda kwa huyo meneja, Bwana Coyle. Hata kichwa hakuinua.

"Mama, usituletee nuksi. Si anakimbia?"

Ningeweza kuzifua. Ufunguo wa chumba cha nguo nilikuwa nao mimi. Lakini niliogopa, kwa sababu nilikuwa mjane na kazi ile ndiyo iliyonilisha. Nikafanya ujinga mwingine: nikapiga magoti nikaomba timu yangu ifungwe. Ikashinda. Ikashinda siku tatu zaidi. Watu wanashangilia, mimi nalia.

Siku ya kumi Ansel alianguka akikimbilia mpira, wakambeba mzobemzobe. Daktari aliukata mguu jioni ileile, juu ya goti. Pruitt akaingia kituo cha pili, na mechi iliyofuata tukafungwa.

"Umeona, mama?" wakaniambia wale wapumbavu. "Tulibadilisha kitu."

Theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka, Ansel alivaa koti lake la kanisani akaenda machimboni kwa magongo kuomba kazi. Mwenyewe, kwa miguu yake, Mungu nisamehe, kwa mguu wake. Akarudi kupitia kwangu, akaketi kwenye ndoo niliyoipindua.

"Wamesemaje?"

"Msimamizi alimjua baba. Amenishika mkono, amelia. Halafu akasema hana kazi ya mtu wa mguu mmoja."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nilichokificha tangu Agosti: kwamba ufunguo nilikuwa nao, kwamba niliogopa. Nilitaka anitukane, nipumue.

"Najua, mama," akasema. "Kila asubuhi kabla sijazivaa nilikuwa nazinusa kwanza, nikitumaini umezifua bila kuniambia."