Nyumba Isiyo na Pa Kumficha Mama Mkwe

Fundi Mayala amejenga hapa Kahama miaka thelathini, na nyumba zake zote ni zile zile: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, madirisha madogo. Mimi ndiye mpiga plasta wake, najua. Siku mkwewe Valerian, mnunuzi wa dhahabu kule Rwamgasa, alipotuletea ramani ya nyumba yake, Mayala aliigeuza juu chini akidhani ameishika vibaya.

"Mayu wane, mama yangu! Mkwe, nyumba iko hewani?"

Ilisimama juu ya nguzo, chini wazi. Paa bapa, dirisha moja refu kutoka kona hadi kona, nakshi hakuna. Mchora ramani wa Mwanza alitueleza kwamba Wazungu walianza kujenga hivyo yapata miaka mia iliyopita: nguzo zibebe mzigo wote, ukuta uwekwe panapohitajika tu. Na hapa haukuhitajika popote! Jiko, sebule, hata kitanda, vyote chumba kimoja. Mlango wa ndani ulikuwa wa choo peke yake.

Nilishtuka, Mayala akashtuka zaidi. Lakini hakutaka mtu aseme imemshinda. Akaijenga, tena vizuri mpaka bodaboda wakawa wanasimama kutazama.

Tukiwa bado tunapaka rangi nyuma, wenyewe wameshahamia, Melania, binti yake Mayala na mke wa Valerian, akajifungua. Mama yake, Apolonia, mke wa Mayala, akaja kutoka kijijini kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Alipanda ngazi, akachungulia, akamkuta Valerian anakula. Alishuka mbio, kitenge usoni. Kwa Wasukuma wa kijijini kwake, mama hatazamani na mume wa bintiye, seuze kumwona akitafuna.

"Baba Melania," alisema kutoka ndani ya kitenge, "mimi umenijengea wapi?"

Wazee wazima wawili, miezi minane tunajenga, hakuna aliyemkumbuka mama mkwe! Juu mtoto analia, chini bibi yake ameshabeba mfuko wake arudi stendi.

"Mkwe!" Mayala akapaza sauti. "Naweka ukuta leo leo!"

"Ukuta hautakauka leo, baba," Valerian akajibu kutoka juu. "Mwambie mama asiondoke."

Ngazi ilikuwa moja tu, na Apolonia alisimama pale pale chini yake. Mara tukaona mguu unatoka dirishani. Sikuamini macho yangu! Tajiri mzima anashuka kwa miti ya jukwaa letu la rangi, sahani mkononi, miguu peku. Akaketi kati ya nguzo, akampa Apolonia mgongo.

"Shikamoo, mama. Panda. Mimi nitalala huku chini mpaka mtoto atimize siku arobaini."

"Marahaba, baba," Apolonia akajibu, naye kampa mgongo, kisha akapanda mbio.

Mtoto akanyamaza. Mayala akaketi kwenye mchanga, akalia waziwazi mbele ya mkwewe.