Msichana Aliyeketi Juu ya Sanduku

Mama yangu hachimbi kisima kwa jembe. Kwetu, karibu na Kalamba, mto huwa na maji siku chache tu kwa mwaka. Siku zilizobaki ni mchanga mtupu, na anayetaka maji hufukua shimo mchangani mpaka yaanze kuchuruzika. Wanawake wengine huanza kwa jembe, na wakifika kwenye unyevu ndipo huchukua kata ya kibuyu. Mama huanza na kata na humaliza na kata. Hupiga magoti, huinamisha sikio mpaka mchangani, hutulia kidogo, halafu huanza kuchota mchanga taratibu. Shimo la nusu saa humchukua asubuhi nzima. Hakuna anayemuuliza sababu. Kila mtu anajua kwamba mdogo wangu yuko mahali fulani chini ya mchanga ule, na mama hataki kumgonga.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ng'ambo ya mto. Siku ya kufunga shule nilitumwa mimi nikamsaidie kubeba sanduku lake la bati la buluu. Mvua ilikuwa imenyesha juu kule Mbooni. Kwetu jua liliwaka na mbingu ilikuwa safi, lakini maji yakaja, yamebeba magogo na mbuzi wa watu. Mwanamke aliyekuwa akianua nguo ukingoni alimpigia kelele mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mchangani juu ya sanduku, atoke mtoni. Huyo mwanamke alituambia baadaye kwamba mdogo wangu alisimama, akaangalia njia ya sokoni, kisha akaketi tena juu ya sanduku. Alipopigiwa kelele mara ya pili alisimama tena, lakini alikuwa amechelewa. Sanduku lilipatikana siku ya tatu, mbali sana huko chini, limejaa mchanga. Yeye hakupatikana.

Kijiji kililaumu sanduku. Walisema mtoto alikataa kuacha vitu vyake, eti vitabu na sabuni na nusu pakiti ya biskuti. Niliwaacha waseme. Mimi peke yangu nilijua kwa nini aliketi tena.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi nilikuwa nimemwambia hivi: "Siku ya kufunga usingoje pale geti, jua litakuchoma. Teremka mpaka mtoni, ungoje kwenye visima, pale penye kivuli." Akaniuliza, "Na ukichelewa?" Nikamjibu, "Hata nikichelewa, usiondoke mpaka nifike."

Mtu wa kwingine hawezi kumwambia mtoto akangoje katikati ya mto. Kwetu mto ni barabara, ni uwanja wa mpira, ni mahali pa kukutana na mtu. Nami siku ile nilikuwa sokoni nikisukwa nywele, imebaki mistari mitatu. Nilimwambia mama kwamba nilifika nikakuta maji. Hilo ni kweli. Sikumwambia zaidi ya hapo, na miaka ikapita juu yake.

Sasa naishi Emali, nashona sare za shule katika chumba kinachotazama malori. Kutoka Emali kwenda nyumbani si mbali kiasi hicho, lakini nimejifunza kuwa na kazi nyingi. Mwaka jana nilimnunulia mama televisheni ndogo na paneli ya sola ya kuweka juu ya bati. Nilidhani itamchangamsha. Pia, niseme ukweli, nilitaka nikienda kumwona kuwe na kitu kingine cha kutazama zaidi ya uso wake.

Televisheni ilifanya kazi yake kupita kiasi. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, sebule ya mama hujaa. Wanakuja kutazama marudio ya tamthilia ya wanafunzi wa shule moja ya huko mjini. Ni vijana wanaopendana, wanaoibiana daftari, wanaolia chooni. Mwimbishaji wa kwaya ya akina mama, ambaye kanisani hukemea mambo ya dunia, anajua nani amemwacha nani kuliko watoto wenyewe. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua aliwahi kusimama katika maombi ya Jumatano akaomba wamkumbuke mwanafunzi mmoja mwenye shida ya karo. Walikuwa wameshafumba macho ndipo binti yake, aliye kidato cha tatu, alipomnong'oneza kwamba huyo ni wa televisheni. Wakamwombea hivyo hivyo. Mungu atajua pa kuyapeleka maombi, walisema.

Jumapili ninayoizungumzia nilikuwepo. Nilikuja na mkate na majani ya chai, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikiwa na nia ya kuondoka mapema. Walikuwa wanne ndani: mama kwenye kiti chake, mwimbishaji, jirani, na yule binti wa jirani aliyekuwa akiwaeleza maneno ya Sheng wasiyoyaelewa. Kila mmoja alikuwa na kikombe.

Katika kipindi cha siku hiyo shule ilikuwa inafungwa. Wanafunzi walichukuliwa mmoja mmoja. Magari yakaja, wazazi wakaja, hata yule mkorofi wa darasa alifuatwa na shangazi. Akabaki msichana mmoja mwembamba nje ya geti. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati la rangi ya buluu, akiangalia barabara.

Nilijiambia kwamba masanduku ya buluu yako kila mahali. Nusu ya watoto wa bweni wa Kenya wanayo.

"Anangoja sista yake," binti wa jirani akaeleza. "Sista yake ndiye alisema atakuja."

Picha ikabadilika, tukamwona huyo dada. Alikuwa saluni. Nywele nusu zimesukwa, anacheka, simu mkononi.

"Aii!" jirani akaruka, chai ikamwagika kwenye leso. "Anasukwa! Mwenzake yuko kwa jua na yeye anasukwa!"

"Huyo ni wa kuchapwa," mwimbishaji akasema. "Tena si kidogo. Ngai, hawa wasichana!"

"Mimi ningemtoa hapo na hizo nywele nusu nusu. Atembee nazo hivyo sokoni, watu wamwone," jirani akaongeza.

Binti wa jirani aliona raha ya kuchochea. "Na si eti kuna foleni. Yeye ndiye wa mwisho, amebakisha laini tatu tu."

Sijui hilo alilitoa wapi. Sikuona mahali pa kuhesabia mistari. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili, na nakumbuka kwamba kilikuwa baridi, ingawa chai ilikuwa imemiminwa sasa hivi. Nilitamani kucheka nao, nimtukane yule dada kama wao, maana ningenyamaza peke yangu wangeniona. Nikasema, "Kweli, amezidi." Sauti yangu ilitoka ikiwa nyembamba. Mama hakugeuka.

Kamera ikarudi kwa msichana. Alianza kugonga kifuniko cha sanduku kwa vidole viwili. Mara tatu, akanyamaza, kisha mara moja. Tena mara tatu, akanyamaza, kisha mara moja.

Hayo ya saluni naweza kuyaeleza. Waandishi wa mjini pia wana dada zao. Lakini ugongaji huo wa vidole ulikuwa wa mdogo wangu. Aligonga hivyo mezani akingoja chakula, aligonga hivyo mlangoni ili tujue ni yeye, hata kanisani aliwahi kufinywa kwa ajili yake. Hakuna mtu wa mjini aliyemfahamu. Mara hii sikuthubutu kumtazama mama kabisa.

Mwimbishaji alikuwa akilia waziwazi, anajipangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Katika televisheni mlinzi wa geti alimwendea msichana akamwambia jambo, anyanyuke, aingie ndani. Msichana akasimama. Akaangalia barabara. Akaketi tena.

"Si aondoke basi!" jirani akalia. "Toka hapo, mtoto! Kwa nini hatoki?"

Hapo wingu likapita juu ya paneli. Lilikuwa wingu la kwanza baada ya miezi, na betri ile haikuwahi kuwa na nguvu. Kioo kikawa cheusi. Tukajiona sote humo, watu watano na vikombe vyetu.

Wakaanza kulalamika, na binti akatoka nje kuangalia paneli. Katika zile kelele mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake yakiwa bado kwenye kioo, "Aliambiwa angoje."

"Hapana, susu," binti akasema akiwa mlangoni, akimwita mama bibi kwa Kikamba. "Hawakuonyesha hivyo. Sista yake alisema tu atakuja."

"Aliambiwa asiondoke mpaka afikiwe," mama akasema. "Hata akichelewa. Ndiyo maana hatoki."

Halafu akamwomba mwimbishaji ampe kikombe chake akioshe.

Sikuondoka siku hiyo. Sikuweza. Niliosha vyombo, nikapika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikala nikiwa sina hamu. Mama alizungumza habari za kuku na za mchango wa kanisa. Nilingoja aniulize. Ningekana, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukana. Hakuniuliza chochote, akaenda kulala.

Asubuhi alinipa mitungi miwili nimsindikize mtoni. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, nikalibeba kwa mazoea ya kikwetu, yeye akabeba kata yake. Lile wingu lilikuwa limekwenda zake. Mbingu ilikuwa safi mpaka Mbooni, safi kama siku ile, na mimi kila hatua nilitega sikio kusikia ngurumo ile ya maji, kama ya lori linalopanda mlima. Palikuwa kimya. Hata ndege sikuwasikia.

Alinipeleka moja kwa moja kwenye kivuli cha ukingo. Akapiga magoti. Kabla ya kuchota, aligonga mchanga kwa vidole viwili. Mara tatu, akanyamaza, kisha mara moja. Akainamisha sikio.

"Mwaitu," nikamwita mama, "hiyo umeanza lini?"

"Miaka mingi. Wewe huji."

Alichimba. Nilisimama na jembe langu kama mgeni asiyejua aliweke wapi. Shimo lilipofika kina cha mkono, mchanga ukawa mweusi, akaacha kuchimba, akakaa kitako.

"Nimemwambia aondoke," akasema. "Kila kiangazi namwambia. Namwambia mama yako amekuja, inuka twende nyumbani. Hanisikii. Ananiambia si mimi aliyeambiwa amngoje."

Niliketi chini kando yake. Huenda mwenzake wa bwenini alimsimulia mama zamani. Huenda kulikuwa na msichana mwingine karibu siku ile ya kutembeleana, akatusikia. Nimejaribu kufikiria hivyo. Sikumuuliza mama alijuaje, na sitamuuliza.

"Mimi sikukasirikii," mama akasema. "Nilikasirika, ikaisha. Lakini yeye bado anangoja. Mwambie aondoke."

Niliona aibu, mtu mzima kuongea na shimo. Niliona na hofu, kubwa kuliko aibu, kwamba nikiongea nitajibiwa. Nikalala kifudifudi, uso juu ya kisima. Mchanga wa chini ulikuwa baridi na ulinuka bati lenye kutu.

"Nimefika," nikasema. Nikalia, kisha nikasema tena. "Nimefika. Nilikuwa sokoni, nilikuwa nasukwa. Nilikwambia ungoje, ukangoja. Kosa si lako wala la sanduku. Sasa inuka. Twende nyumbani."

Maji yalianza kuingia shimoni, kidogo kidogo, pande zote. Mama aliinamisha sikio mchangani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisikiliza. Alipoinuka alikung'uta magoti, akaiweka kata ya kibuyu kando, akasogea hatua tatu mpaka mahali papya.

"Lete jembe," akasema.