Bwawa Nililolifuta

Kazi ya kujitolea inachosha kuliko ile ya mshahara. Kila jioni nikitoka shamba la maua hapa Naivasha, huwa ninasafisha ukurasa wa shule ya binti yangu Chebet kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Mtu anaandika "shule bora kabisa Bonde la Ufa," nami nafuta. Juzi akaongeza eti wana bwawa la kuogelea. Nikafuta, nikaandika sababu: "Uongo. Hilo labda ni dimbwi la mvua." Sikuwa nimekanyaga huko mwaka mzima, maana mikutano ya wazazi huwa ni ya mama yake. Na kwa kuwa sikutaka kujulikana, huko mtandaoni najiita Baba Chebet wa Ndabibi.

Jumamosi mama yake aliugua, ikabidi niende mimi. Viti vilikuwa vimepangwa kando ya bwawa. Mwalimu mkuu alitoa simu, akatusomea maneno yangu kwa kipaza sauti.

"Wazazi, nisaidieni tu," akasema polepole. "Huyu Baba Chebet wa Ndabibi ni nani?"

Majirani zangu wote wa Ndabibi waligeuka kunitazama. Hakuna hata mmoja anayenijua kwa jina lingine.