Mkamba Aliyekuwa Baharia

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona kitu, maana kazi yenyewe ilifanyiwa gizani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, nikapata nafasi katika studio ya picha hapa mjini Machakos. Mwenye studio, mzee mkali ambaye kicheko chake kilimtoka ghafla kama chafya, alinisukuma ndani ya chumba cheusi ti, akafunga mlango.

"Mwikali," akasema, "simama hapo mpaka macho yako yaache kulalamika."

Taratibu nikaona taa ndogo nyekundu, kisha mabeseni. La kwanza lilikuwa na dawa ya kuitoa picha kwenye karatasi, la pili maji ya kuizuia isizidi kukolea, na la mwisho hipo, dawa inayoifanya picha isifutike. Mzee akatumbukiza karatasi nyeupe, akaitikisa, na uso wa mtoto ukachomoza ukinitazama. Nilipiga yowe. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Alinifundisha mengi, lakini kubwa lilikuwa hili: "Kila mtu akishika picha hutazama uso. Wewe ni fundi. Anzia pembeni, uso utakungoja." Kwa hiyo nilijifunza kusoma viatu, vivuli, mapazia na kona zilizokunjwa.

Baadaye niliajiriwa Nairobi, katika hifadhi ya nyaraka na picha za zamani. Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha zilizoliwa na unyevu na mchwa, kuzipiga upya na kuzitafutia maelezo. Mkuu wa Sehemu ya Picha alikuwa mama mwenye miwani minene na sauti ya mwalimu wa kwaya. Hakuna picha iliyotoka mezani pake kabla hujamwambia ilipigwa wapi, inamwonyesha nani, na umejuaje. Ukianza kubahatisha, alikukata: "Kama hujui, sema hujui. Hapa hatutungi hadithi." Nilimwogopa mwaka mzima, kisha nikampenda hadi alipostaafu.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nami nistaafu, nilipopata kazi ambayo hakuna mkuu aliyenituma. Mama mdogo Nduku, mjane wa baba mdogo Muthoka, aliniita nyumbani kwake Wamunyu. Familia ilikuwa inajengea kaburi la mumewe, na mchongaji jirani alikuwa tayari amekata mbao ya msalaba. Mama mdogo alitaka pachongwe jina, na chini yake neno moja: Baharia.

Mzee Kioko, ndugu mdogo wa marehemu na mkubwa wa familia sasa, alikataa.

"Mkamba na bahari, wapi na wapi?" akasema. "Wenzake wote walienda vita na bunduki, wakarudi na medali. Yeye alirudi na nini? Picha moja tu, na uso umeliwa na mchwa. Mimi nilimpenda ndugu yangu, lakini ni yeye huyo huyo aliniambia kuna samaki wanaruka hewani kama ndege! Hatuwezi chonga uongo kwa kaburi."

Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Muthoka alikuwa ametaniwa kwa ajili ya meli yake tangu vita vya pili vya dunia vilipoisha hadi siku ya kufa kwake, na mkewe aliuvumilia utani huo pamoja naye. Sasa mama mdogo alikuwa amepita miaka tisini. Aliniangalia akasema, "Wewe si kazi yako ni picha? Basi."

Nikaichukua ile picha. Ilionyesha wanaume waliovaa sare nyeupe wamesimama kando ya meli. Yule aliyesemekana ni baba mdogo alikuwa na mwili tu. Nilianzia pembeni kama nilivyofundishwa. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kamba nene za meli na chuma chenye kutu, kwa hiyo hilo halikuwa pazia la studio lililochorwa bahari. Na yule mtu asiye na uso alikuwa amebana kitu kwapani: vijiti viwili vilivyoviringishiwa kitambaa. Bendera ndogo. Zamani meli zilizungumza kwa macho. Mtu alishika bendera mbili, na kila jinsi alivyonyoosha mikono ilikuwa herufi.

Nilirudi Wamunyu nikamweleza mama mdogo. Alisimama kutoka kwenye kiti chake, akanyoosha mkono mmoja juu na mwingine kando, akabadilisha mara tatu.

"Hiyo ni chai," akasema. Akaanza tena. "Na hii ni njoo."

Kumbe miaka yote Muthoka alikuwa akimwita mkewe ng'ambo ya korongo kwa mikono. Alimfundisha walipooana. Sisi watoto tulidhani anafukuza ndege kwenye mtama.

"Na hukuwahi kusema, mama?"

"Mngeniuliza. Hakuna mtu aliniuliza. Na zingine siwezi kukuonyesha," akaongeza akiketi, "zilikuwa zetu wawili."

Nilicheka njia nzima hadi kwangu Kyumbi. Lakini sauti ya yule Mkuu wangu ilinifuata. Kujua ishara ni jambo moja, na kuwa ndiye mtu wa kwenye picha ni jambo lingine. Niliandikia ofisi ya Uingereza inayotunza kumbukumbu za wanamaji wa wakati wa vita. Jibu likaja kwa adabu sana: hawana mtu anayeitwa Muthoka. Siku hiyo niliisahau chai yangu ikapoa. Niliwaza nitamwambiaje mama mdogo.

Nikaisafisha picha, nikaiweka kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni ambako watu wa Pwani huonyeshana picha za wazee wao. Zikapita wiki, na waliojibu walisifu sare tu. Kisha akaniandikia mwalimu mmoja kutoka Kilifi, Bwana Charo. Nyumbani kwao kulikuwa na picha ile ile. Kila baharia alikuwa amepewa nakala yake. Babu yake alisimama mwishoni kulia. Ya kwao mchwa hawakuigusa.

Alipoituma, niliikuza kwenye simu kwa vidole viwili. Na huyo hapo, baba mdogo Muthoka, masikio yametoka nje kama ya Mzee Kioko kabisa, pengo la meno ya mbele limeachwa wazi na tabasamu.

Nikampigia simu Bwana Charo papo hapo. "Babu hakumtaja mtu kama alivyomtaja huyo," akaniambia kwa Kiswahili chake kitamu. "Akimwita Mdoka wa bendera. Alitapika mwezi mzima wa kwanza, maskini, hata wakataka kumrudisha bara. Akakataa katakata. Meli yao ilikuwa ya kutegua mabomu yaliyotegwa baharini, na macho yake ndiyo yaliyokuwa yakiona mbali kuliko ya wote."

Mdoka! Nikaandika upya Uingereza, safari hii nikawapa kila namna ambavyo karani mgeni angeweza kulisikia jina la Kikamba. Wakampata. Mdoka, mpiga ishara, mtu wa Machakos, na jina la baba yake ni la babu yangu.

Bwana Charo alikuja mwenyewe Wamunyu siku ya kuweka msalaba, na picha yao ndani ya fremu. Mzee Kioko aliishika kwa muda mrefu. Akagusa sikio lake bila kujua. Kisha akamgeukia mgeni.

"Mwalimu, niambie ukweli mbele ya watu. Kuna samaki anaruka?"

"Wapo, mzee wangu. Twawaita panzi. Huruka juu ya maji kama panzi wa nyasi."

Mzee Kioko aliinamisha kichwa. "Basi ndugu yangu nimemkosea mpaka kwa samaki," akasema, akamwita yeye mwenyewe mchongaji. "Chonga. Na herufi ziwe kubwa."

Sasa nimestaafu. Barazani kwangu Kyumbi watu huja na bahasha za picha za wazee wao, wakidhani niko na dawa. Sina. Niko na kioo, subira na maswali. Wajukuu zangu wana picha nyingi kwenye simu kuliko tulizosafisha kazini maisha yangu yote, lakini ukiwauliza huyu ni nani, wanasema kwa Sheng yao, "Ni msee flani tu, cucu," yaani mtu fulani tu, bibi. Huwa nawaambia picha isiyo na jina ni mgeni aliyelala kwako akaondoka bila kusalimia.

Siku ile ya msalaba, wageni walipokuwa wakila, mama mdogo Nduku alinivuta mkono. Alitaka picha yake peke yake. Alirekebisha kitambaa cha kichwa, akasimama wima, nikapiga. Alitaka kuona. Akaona, akaridhika, halafu akanikunjia uso.

"Sasa andika jina langu hapo," akasema. "Andika sasa hivi, wakati bado niko hapa kukusahihisha."