Michezo ya Ayalandi Kihambani kwa Mama

Binti yangu alizaliwa Ayalandi, katika mji mdogo wa mvua nilikouguza wazee kwa miaka kumi na mmoja. Tuliporudi Moshi alikuwa na miaka tisa. Alikijua Kiswahili cha nyumbani, cha kuitwa kula na kukemewa, lakini hakujua kutania nacho, na mtoto asiyejua kutania hapati rafiki upesi. Mwezi wa kwanza alivumilia. Wa pili pia. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nikiwa nakunja nguo, alikuja na sweta lake la kijani ambalo lilikuwa limeshaanza kumbana makwapani.

"Mama," akasema, "huku tutafanyia wapi?"

Sikuhitaji kuuliza kufanya nini. Kule, kila Machi kumi na saba ni sikukuu ya mtakatifu wao, yule anayesemekana aliwapelekea dini na kuwafukuza nyoka wote nchini. Siku hiyo watu huvaa kijani kuanzia soksi hadi kofia. Wakubwa wana mambo yao, lakini watoto wa mtaa wetu walikusanywa kwenye ukumbi wa parokia wakachezeshwa michezo mepesi isiyohitaji chochote zaidi ya vitu vya jikoni na karatasi. Mimi nilikuwa nasimamia ule wa ndevu.

"Tutafanyia kwa bibi," nikamjibu. Nilisema kabla sijafikiri.

Bibi ni mama yangu. Anaishi Kibosho, kwenye kihamba alichomwachia baba, migomba juu na kahawa chini yake, na ni mtu wa misa ya alfajiri hata akiwa na mafua. Nilipompigia simu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hii si Kwaresima?"

"Ni Kwaresima, mama. Ila na huyu ni mtakatifu."

"Mtakatifu sawa. Lakini sherehe?"

"Si sherehe. Ni watoto wacheze tu."

Akasema atafikiri. Kesho yake alipiga mwenyewe, saa moja asubuhi. "Nimemuuliza padre baada ya misa. Amesema michezo si nyama. Tena siku yenyewe inaangukia Jumapili, na Jumapili haifungwi. Njooni."

Ilibaki kumwambia mdogo wangu. Yeye aliolewa Majengo, katika familia ya Kiislamu, akabadili dini. Mama hakumzuia, ila alikwenda kwenye ile harusi kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa, akakaa kidogo akaondoka. Tangu hapo, miaka kumi na miwili, mama na mkwe wake wa Majengo, yaani mama wa yule mume, walikuwa wakitumiana salamu kupitia watoto. Hawakugombana hata siku moja. Nadhani hawakuwahi kukaa pamoja muda wa kutosha kugombana.

"Dada, sisi tumefunga," mdogo wangu akasema. "Mkubwa anafunga kutwa, wale wawili nusu siku. Na mama mkwe yuko kwangu mwezi mzima huu, siwezi kumwacha peke yake."

"Mlete."

"Kwa mama?"

"Kwa mama. Mtafuturu huko huko."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajakubali. Lakini alikubali.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi ya kuchagua michezo ambayo haina kitu cha kutia mdomoni. Ule wa kuwinda sarafu za chokoleti ulitoka. Wa kuuma tofaa linaloning'inia, ukatoka. Tulibaki na soksi, karatasi, viazi na vijiko, na binti yangu aliandika utaratibu wa kila mchezo kwenye daftari lake la shule kwa mwandiko wa makini, na mstari chini ya kila kichwa.

Jumapili yenyewe kulikuwa na mawingu mlimani, ila mvua ilikuwa haijaamua. Mdogo wangu alifika na watoto wake watatu na mama mkwe wake saa tisa na nusu. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Bibi wa Majengo alikuwa amejitanda mtandio wa kijani, na sijui kama aliambiwa au ni bahati. Walishikana mikono kwa vidole.

"Karibu, mkwe."

"Starehe, mkwe. Poleni na baridi."

Basi, maneno yakaisha. Ilipofika Asri, mama aliwatandikia mkeka mpya sebuleni, ule ambao hata padre hajaukalia, akafunga mlango taratibu, kisha akatoka nje kuwafukuza kuku waende kupiga kelele mbali. Nilimwona, nikajifanya sijamwona.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa nyoka. Soksi kuukuu zilizojazwa matambara zilikuwa nyoka, na kapu la kuvunia kahawa lilikuwa bahari. Unasimama hatua tano, unawatupa nyoka baharini mmoja mmoja, na mwenye wengi ndani ameshinda. Binti yangu alieleza kisa cha mtakatifu na nyoka, na mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akijifanya anapepeta maharage, akasema, "Angepita na huku."

Watoto wa Majengo walicheza kwa utaratibu labda dakika mbili. Kisha mkubwa wao akagundua kwamba nyoka anavutia zaidi ukimkimbiza naye mtu. Kukawa na mayowe, soksi zikaruka juu ya paa la banda la mbuzi, mdogo kuliko wote akawa amevaa kapu kichwani.

"Siyo hivyo!" binti yangu akapiga kelele. "Kule hatufanyi hivyo!"

Hakuna aliyemsikia. Akalitupa daftari, akaingia migombani.

Nilimfuata polepole. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilijilaumu kwamba nilimng'oa mtoto alikozaliwa, halafu nikamletea soksi. Nilimkuta amechuchumaa kati ya mashina mawili ya kahawa, mgongo kwangu, nikadhani analia.

"Mama, angalia."

Halikuwa jambo la kulia. Alikuwa ameshika kijimea kilaini chenye majani matatu, kila jani na umbo la moyo. Ndiyo alama ya sikukuu yao, jani la sehemu tatu, ambalo watu huchomeka kifuani siku hiyo kwa sababu inasemwa mtakatifu alilitumia kuwafundisha Utatu. Hili la kwetu lilikuwa na ua la waridi na sidhani ni lile lile. Lakini lilifanana kiasi cha kumtosha mtoto, na lilikuwa kila mahali, limetandaza kijani chini ya kahawa mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji.

"Yamejaa, mama! Bibi anayo mengi hivi na hakuniambia!"

Akakimbia nayo uwanjani. "Bibi! Bibi, haya ni ya mtakatifu!"

Mama akaliangalia lile jani, akaniangalia mimi. "Hili gugu? Hili limenitesa tangu nimeolewa. Unang'oa leo, kesho limerudi. Lina vitunguu vidogo chini kwenye mizizi. Usipovitoa, umefanya kazi bure."

Sasa sijui ni nani kati yao aliyepata wazo kwanza. Nakumbuka tu kwamba binti yangu aliokota daftari lake, akakata mchezo mmoja akaandika mwingine, na mama akasimama kutoka kwenye kigoda kutoa masharti. Kila mtoto ndoo moja. Jani bila mizizi halihesabiki. Jani likiwa na kitunguu chake, pointi moja. Atakayepata la majani manne, kumi.

Niliwahi kuona watoto wakicheza kwa bidii, lakini si vile. Walilima kwa vijiti na kwa vidole. Yule mkubwa aliyefunga alifanya kazi kimya kama kibarua, akashinda. Jani la manne halikupatikana, ingawa yule mtoto mdogo alileta moja lililokuwa limebandikwa la ziada kwa mate. Mistari mitatu ya kahawa ikabaki safi, udongo mweusi unaonekana. Mama alitembea katikati yake akiwa ameweka mikono nyuma.

"Huyo mtakatifu," akaniambia chini chini, "alikuwa mtu wa akili."

Mchezo wa ndevu ulichezwa ukutani mwa jiko. Tulikuwa tumechora kijitu kifupi chenye kofia ya kijani, ambacho katika hadithi za Ayalandi hukaa porini kikificha dhahabu yake. Kidevu tulikiacha wazi. Unafungwa macho, unazungushwa mara tatu, unabandika ndevu nyekundu za uzi pale unapodhani ni pake. Binti yangu alikuwa akieleza habari za kile kijitu, na katika kueleza akasema kwamba kazi yake ni fundi viatu.

Bibi wa Majengo, ambaye tangu afike alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi, akainua kichwa.

"Fundi viatu?"

"Ndiyo, bibi. Anashona viatu porini peke yake."

"Marehemu babu yao alikuwa fundi viatu." Akanyanyuka, akausogelea mchoro, akautazama kwa muda. "Sasa nani kamchora? Nyundo haishikwi hivi. Hivi utajipiga dole. Na uzi wenye nta uko wapi? Kiti chake je?"

Binti yangu akampa kalamu. Bibi akachora kiti kifupi, na uzi, na kiatu kimoja kikiwa kimepinduliwa magotini. Hakuwa mchoraji, lakini alijua anachochora. Mama naye akasogea.

"Marehemu alikuwa anakaa upande gani?" mama akauliza. "Sisi zamani tulishuka Majengo kushonesha viatu, vile vya tairi. Kulikuwa na fundi mmoja karibu na msikiti, anacheka sana."

"Karibu na msikiti ndipo alipokuwa."

"Alikuwa na kengeza kidogo?"

"Hata. Macho yake yalikuwa mazima."

"Ah. Basi siye."

"Siye," mkwe wake akakubali. "Huyo wa kengeza alikuwa jirani yake. Alikuwa anamwibia wateja."

"Kumbe! Na mimi nilikuwa mmoja."

Wakacheka. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakicheka pamoja, na mdogo wangu, aliyekuwa anaosha sufuria za futari, aligeuka mzima mzima kuangalia. Kisha bibi wa Majengo alifungwa macho kwa mtandio wake mwenyewe, akazungushwa, akaenda kuzibandika ndevu juu ya paji la uso wa kile kijitu. Akasema fundi amepata kipara, zimsaidie huko.

Tulimalizia na mbio za viazi. Unaweka kiazi mviringo kwenye kijiko, unakimbia kutoka mlango wa jiko hadi kwenye tangi la maji na kurudi, kikianguka unaanza upya. Uwanja wa mama umeinamia bondeni, kwa hiyo kiazi kilichoanguka hakikusubiri mtu. Viwili vilitokomea mfongoni, na mbuzi wakala kimoja.

"Kwani huko wanaishi kwa viazi?" mama akauliza.

"Kama sisi na ndizi," nikamjibu.

Watoto walipochoka, binti yangu akasimama katikati na daftari lake. "Sasa mabibi," akatangaza.

Nilitaka kuingilia. Bibi wa Majengo alikuwa hajanywa maji tangu alfajiri, na magoti ya mama ndiyo yaliyokuwa sababu mojawapo ya mimi kurudi nyumbani. Lakini mama alikuwa ameshachukua upawa badala ya kijiko, kwa kisingizio cha macho, na mkwe wake alikuwa anakunja kanga kiunoni.

Hawakukimbia. Walitembea haraka, kama watu wanaowahi misa na hawataki kuonekana wanawahi. Karibu na tangi mama akaanza kupunguza mwendo, na nilielewa: mgeni hashindwi nyumbani kwako. Mkwe wake naye alielewa.

"Mkwe, usinipunguzie," akasema bila kuondoa macho kwenye kiazi. "Nimefunga, sijafa."

Mama akaongeza. Wakageuka pamoja, mabega yanagusana, watoto wanapiga kelele pande zote mbili bila kujali dini wala ukoo, na hatua tatu kabla ya mlango nikaona wazi kidole gumba cha mama kimekandamiza kiazi chake kwenye upawa. Nikatazama cha mkwe wake. Chake pia.

"Wamefika sawa!" binti yangu akaamua. Akaandika.

Saa kumi na mbili na nusu mvua ilianza, tukahamishia mikeka barazani. Simu ya mdogo wangu ilipoadhini, mama mwenyewe ndiye aliyempa mkwe wake tende ya kwanza, halafu uji, halafu akasogeza sufuria ya kiburu, ndizi na maharage, akisema haina nyama, na kila mtu anaweza kula kwa dini yake. Watoto walikaa pamoja, matope hadi magotini. Binti yangu alikuwa anawafundisha wenzake kuhesabu kwa Kiayalandi, nao wakikosea kwa makusudi ili wamcheke anavyokasirika, naye akawajibu kitu ambacho sikukisikia. Wote wanne wakaanguka kwa kicheko.

Tulipokuwa tunaaga, mama alinivuta pembeni.

"Hao Waayalandi wana mtakatifu mwingine?"

"Yupo, mama. Mwanamke. Wa mwezi wa pili."

"Huyo wanamchezaje?"

Nikamwambia kwamba yeye husukiwa misalaba ya nyasi, watu wakaitundika mlangoni. Mama akafikiri kidogo, akitazama mvua inavyonyesha kwenye ile mistari yake mitatu iliyopaliliwa.

"Muulize mtoto," akasema, "kama majani ya mgomba yanafaa."