Nukta Tatu Nyekundu kwenye Santuri za Baba

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anauza mbolea Kitale na hajawahi kusikiliza wimbo wa roki hadi mwisho. Lakini muulize siri za majalada ya santuri za roki, atakupa semina. Kwamba mwimbaji aliyeipa kamera mgongo ni maiti tayari na anayeimba siku hizi ni wa bandia. Kwamba viatu vikielekea kushoto kuna damu ilimwagwa. Kwamba ukiupiga wimbo kinyumenyume shetani anakusalimia. Elimu yote hiyo kaipata kwenye simu, akingoja wateja. Niliwahi kumuuliza kwa nini shetani, na shughuli zake zote, ajisumbue kuficha ujumbe mahali ambapo muuza mbolea atauona. Akaniambia niombewe.

Ningemwacha na upuuzi wake kama asingezigusa santuri za marehemu baba. Ziko Myanga, Bungoma, kwa mama, na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa akizipiga, akikaa kusikiliza Kiingereza asichokielewa. Ndizo zilizomwondolea ukiwa wa nyumba ile. Shemeji alitaka zichomwe Kitale, kanisani kwake, mbele ya waumini.

Walikuja Jumamosi, yeye na dada na mtoto wao. Mama akampokea mjukuu, akampakata. Kwetu mkwe hakai karibu na mama mkwe wala hamkodolei macho, kwa hiyo shemeji alikaa kando ya mlango, heshima tele, huku akitandaza majalada sakafuni kama muuza mitumba. Mhadhara ukaanza. Ndevu za mpiga ngoma zilikuwa ishara. Mawingu nayo ishara. Nilicheka waziwazi, na sijuti.

Kisha akainama karibu zaidi. Kwenye pembe ya kila jalada aliona nukta tatu nyekundu, zimepangwa pembetatu.

"Si mnaona hii kitu, bana? Ati pembetatu! Kwa kila moja!"

"Hiyo ni rangi yangu ya kucha, baba," mama akasema. "Mimi ndio niliweka."

Mtu yeyote wa Bungoma angeelewa. Sahani, sufuria, viti, chochote kinachoazimwa kwenda harusini au matangani hutiwa alama kwanza, la sivyo kitaishia kwa jirani. Baba aliazimisha santuri kwa harusi za kijiji kizima, na mama akazitia alama ile ile ya sufuria zake. Nilidhani shemeji ataona haya, anywe chai, aende.

Badala yake aliinua macho akamtazama mama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe kwetu.

"Mama, nani alikuonyesha hiyo alama?"

"Nani anionyeshe nukta?"

"Ata wewe huwezi jua. Hao watu wa shetani wanatumia mtu bila yeye kujua."

Nilimwambia atoke, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamgeukia dada, aliyezibeba sufuria hizo kichwani kutoka matanga mengi akizitambua kwa nukta hizo hizo, nikingoja acheke. Aliinuka bila kumtazama mtu, akamtoa mtoto mapajani mwa mama, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Mtoto alikuwa macho.

Santuri hazikuchomwa. Mjukuu hajaletwa Myanga tena, na mama, kila nikimpigia simu, huniuliza kwa sauti ya chini kama rangi ya kucha inaweza kumdhuru mtoto.