Kifuniko cha Sekela

Mzee Amoni wa Masoko alikuwa na moyo mkaidi. Ulitulia siku kadhaa akipalilia kahawa yake, kisha ukaanza vituko, ukapiga ovyo ovyo kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Hapo aliketi, akashika nguzo ya baraza, akangoja upite. Daktari alimweleza wazi: dawa ya kuzuia damu isigande asiiruke, na siku mkono ukilegea au mdomo ukipinda, akimbizwe hospitali mara moja.

Akimbizwe na nani? Mkewe alikwishazikwa. Mwanawe Lugano alikuwa dereva Mbeya. Nyumbani alibaki Sekela, mke wa Lugano, na kwa Mnyakyusa wa kale kama Amoni, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Vijana wengi wameiacha mila hiyo, yeye aliing'ang'ania. Sekela akitaka kukatiza uani aligonga kifuniko cha sufuria, mzee akageuza uso. Chakula alikiweka kwenye kigoda, akagonga, akaondoka. Moyo ulipomshika, mzee aliingia ndani na kurudisha mlango, mkamwana asije akamwona anavyohema. Aliiita heshima. Heshima ni kitu chema, lakini sijaiona ikimbeba mgonjwa.

Asubuhi moja ya mvua, majirani wote wakiwa msibani, moyo ukaanza tena. Safari hii kikombe kikamponyoka. Sekela akasikia kikivunjika. Akagonga kifuniko. Akagonga tena.

"Tata, baba yangu, niingie?"

Amoni alijua. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kulegea, na maneno ya daktari aliyakumbuka yote. Neno moja tu lingetosha. Badala yake akaukusanya ulimi uliokuwa ukimwishia.

"Usi... usiingie."

Sekela akatii, ndivyo alivyofundwa. Akakimbia kwenye matope hadi msibani kumtafuta Simon, jirani mwenye bajaji. Walipomfikisha mzee hospitali, mchana ulikuwa umepita, na daktari akatikisa kichwa.

Lugano alipofika, alimfokea mkewe mbele ya kitanda.

"Ulikuwa hapo mlangoni. Kwa nini hukuingia?"

"Alinikataza."

"Mtu anakufa, unaniambia alikukataza?"

Mzee alisikia kila neno. Alitaka kusema, mwache, kosa ni langu. Yalitoka mate tu, na Lugano akayafuta, akidhani baba analilia maji. Uchungu wa siku ile ulizidi ule wa maradhi.

Sasa upande wake wa kulia umekufa, na Sekela ndiye anayemwogesha na kumlisha. Mumewe bado hazungumzi naye vizuri. Kila asubuhi, kabla ya kuingia na beseni la maji ya moto, Sekela hugonga kifuniko. Na mzee, ambaye hawezi tena kujigeuza, hufumba macho.